Saanane kwa mtu wa kamera: ukifuata simba utanuna, ukifuata mijusi utarudi tena

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke kusoma yote: kama unaishi Mwanza au unapita Mwanza na una kamera, hata iwe ya simu, nenda kisiwa cha Saanane, hapo hapo Ziwa Victoria. Kama unachotaka ni simba anakatiza kwenye majani marefu huku jua linazama basi panda gari ukaingilie Serengeti kwa lango la Ndabaka, usije kumaliza hela yako hapa halafu uanze kulalamika eti kisiwa hakina kitu. Wengi ninaowasikia wanakiponda hiki kisiwa walienda na hamu ya Serengeti, wakatembea kidogo, wakapiga selfi na swala kwa mbali, wakakaa kivulini wakachati mpaka boti ikawarudisha. Sasa hapo kisiwa kina kosa gani.

Kwa wasiojua, Saanane ni hifadhi ya taifa kamili kama nyingine, ilipandishwa 2013, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu na hapo umejumlisha na maji, nchi kavu yenyewe ni ndogo zaidi. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi humo kwa kuvua na kulima, mpaka 1964 serikali ilipokifanya bustani ya wanyama, ya kwanza Tanzania. Ndo maana wazee wa mjini mpaka leo wanakwambia "tulikuwa tunapelekwa kule zuu". Na hao swala pala unaowakuta wamelala kivulini usidhani waliogelea, waliletwa.

Kufika ni kitonga. Bodaboda yoyote ukimwambia Capri Point kwenye ofisi za hifadhi anakujua unaenda wapi, unalipia kwa simu, unavaa jaketi la kujiokolea, mnaingia kwenye boti, dakika chache mko ng'ambo. Sisi wa Afrika Mashariki bei yetu ni ya kizalendo ukilinganisha na wageni. Mimi kilichonipa raha ni lile jaketi, maana niliwahi kukodi mtumbwi wa injini ufukwe mmoja huku nje ya mji, nauliza maboya yako wapi jamaa ananijibu "bosi ziwa leo limetulia", yaani ziwa likitulia ndo hatuzami? Saanane hakuna habari hizo, usipovaa boti haiondoki.

Ukiwa kwenye boti kamera isikae tu kwenye begi. Ila usiegemeze kiwiko kwenye ubao wa boti, injini inatetemesha ule ubao na mtetemo wote unapanda mkononi, kaa katikati, mikono ibane mbavuni, shata (kasi ya kamera kufunga) iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Asubuhi maji yanakuwa shwari, mchana upepo wa ziwani ukiamka mawimbi yanaanza kukupiga ubavuni na lenzi inalowa. Kwa hiyo boti ya kwanza kabisa, usisikilize mtu anayekwambia mtaenda baada ya chai. Tena kuna kitu watu wa picha wanajisahau wakija huku kwetu: jua la Mwanza linachelewa. Saa ya nchi nzima ni moja lakini sisi tuko magharibi, kwa hiyo jua la utosi halifiki saa sita kamili, linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba. Maana yake ile saa tatu asubuhi ambayo mtu wa Dar angeshafunga kamera, huku mwanga bado una upande, bado una kivuli kizuri kwenye mawe.

Haya tuje kwenye mali yenyewe. Mjusi kafiri.

Wa huku ni Agama mwanzae, wanasayansi wamemwandika tangu 1923, na watoto wa siku hizi wanamwita spaidaman kwa sababu dume lake kichwa mpaka mabegani ni jekundu linaloelekea pinki halafu kuanzia hapo mpaka mkiani ni bluu. Yupo kila kona ya mji huu, kwenye ukuta wa kanisa, kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, lakini mjini ukimpiga picha nyuma yake kuna waya wa nguo na ndoo ya mtu. Saanane anakaa juu ya jiwe la kijivu lenye madoa ya kuvu ya njano na nyuma yake ni ziwa tupu, hiyo bluu ya maji na bluu yake vinaongea. Jike ni wa kahawia tu na watu humpita, ila mimi namtafuta maana jike alipo dume halipo mbali, na dume likimwona jike au likiona dume mwenzake linapanda juu ya jiwe na kuanza kupiga pushapu. Hapo ndo unabonyeza.

Usimfuate umesimama. Lala chini kabisa, tumbo kwenye jiwe (vaa suruali nzito, jiwe likishapata jua linaunguza kweli), sogea kwa pembeni pembeni kama humtaki, na kivuli chako kisimguse, kikimgusa tu kaingia kwenye ufa na hatoki leo. Wale wa mapema sana wanakuwa wamepauka, wakishaota jua rangi inawaka, kwa hiyo ukimkuta kafifia usiondoke, subiri. Na mwanga ushushe kidogo kwenye kamera, theluthi mbili ya stopu hivi (stopu ni kile kipimo cha mwanga), kwa sababu ule wekundu kamera nyingi zinauunguza, ukifika nyumbani ukafungua kwenye kompyuta unaona kichwa ni bonge la rangi halina hata gamba moja. Macho je, jicho lake ni dogo na kope zina vipunje vipunje, ukifokasi puani badala ya jichoni picha imekufa hata kama mengine yote yamekaa.

Nilikuwa na lenzi ya kuvuta mbali, 70-300, ya mtumba na kwa mijusi na pimbi inatosha sana. Wa simu msiogope, mijusi ya kisiwani imeshazoea watu, ukiwa mpole unaisogelea mpaka unashangaa.

Pimbi nao wapo na asubuhi wanatoka kuota jua kwa makundi, mama, watoto, wajomba, wote wanakuangalia kwa sura ya mtu uliyemkopa. Mnyama ana ukubwa wa sungura lakini ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva, hilo ukiwaambia watoto hawaamini mpaka waende wakagugo. Kupiga picha pimbi kunahitaji subira ya kawaida tu, kaa chini, nyamaza, wanasahau kama upo. Picha niliyoipenda mimi siyo ya uso, ni ya unyayo, pimbi kanyanyua mguu anajikuna na chini ya mguu unaona ile ngozi nyeusi laini yenye unyevu inayomfanya ashike kwenye mwamba mkali bila kuteleza.

Ndege inategemea siku. Mdiria yule mweusi na mweupe utamkuta karibu uhakika, anasimama hewani anapiga mbawa juu ya maji kisha anashuka kichwa mbele. Mwenye mikanda miwili kifuani ni dume, mmoja ni jike, hiyo ndo namna rahisi ya kuwatofautisha. Kumpata akiwa hewani shata isiwe ya polepole kuliko 1/2000, na usimfukuze kwa lenzi, chagua tawi analorudia ukae hapo. Minandi wanakausha mbawa kwenye mawe ya ufukweni, yale mawe yaliyopakwa chokaa, siyo chokaa, ni kinyesi chao. Tai mla samaki nilimsikia tu. Kwenye magugumaji yaliyosukumwa na upepo mpaka pembeni angalia vizuri kuna kandege kenye vidole virefu kanatembea juu ya majani bila kuzama, picha tamu sana na watu wengi wanapita tu wanasema aah magugu.

Mamba wapo, kenge wapo, na maji ya pembeni yana kichocho kama sehemu nyingi za ziwa hili, kwa hiyo ile tabia ya kuvua viatu uingie kwenye maji upate engo nzuri iache, engo za juu ya mawe zinatosha.

Halafu yale mawe. Mimi nina mambo mengi yasiyohusiana, napenda picha, napenda redio za zamani, naumia na timu yetu ya mpira Pamba Jiji kila wikiendi, na napenda mawe, sasa Saanane inanilisha viwili kwa mpigo. Watu wanaamini kuna mtu aliyapanga. Hapana, huu ni mwamba wa granaiti wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ulikuwa umefunikwa chini, maji yakaingia kwenye nyufa yakaula taratibu kwenye kona mpaka vipande vikawa mviringo, udongo wa juu ukaja kuoshwa na mvua, mawe yakabaki yamebebana vile vile yalivyokuwa ndani. Ukishajua hivyo unayapiga picha tofauti, unaanza kufuata mistari ya nyufa, unaona jiwe hili na lile pale chini lilikuwa moja. Kwa mawe weka lenzi pana na piga jua likiwa la pembeni, hapa sina maneno mengi, nenda ujionee. Na ukipanda juu kabisa unauona mji na vilima vyake, nyumba zimepandana kwenye mawe, hapo beba na maji ya kunywa maana kupanda ni kufupi ila joto la kwenye mwamba halina adabu.

Askari tuliyepewa alikuwa mtu mzuri, anajua jiwe gani lina mjusi gani, na nilipomwambia "kaka mimi sina haraka, nataka kulala hapa na huyu mjusi" hakunicheka, alikaa pembeni kivulini akaniacha, ila kila dakika kadhaa anauliza "bado hajatosha tu?" Hilo ni jambo la kujua kabla: ukiwa kwenye kundi la watu wa matembezi ya kawaida mtagombana, wao wanataka kuzunguka wewe unataka kulala. Nenda na wenye ugonjwa kama wako au nenda siku za kazi. Jumamosi na sikukuu kuna vikundi vya shule, watoto wanafurahi na ni haki yao kabisa, lakini pimbi hatoki.

Chakula beba mwenyewe na takataka urudi nazo. Na ukifungua chakula angalia tumbili. Nilikuwa na chapati mbili za kukunja, nimeweka begi chini nabadilisha betri, nageuka tumbili yuko juu ya jiwe na moja, ananitazama machoni huku anatafuna bila wasiwasi wowote, na mimi lenzi niliyoifunga ni ya kupiga mbali, yeye yuko karibu kiasi kwamba haifokasi. Nyota moja nimeikata hapo, naikata kwa tumbili, siyo kwa hifadhi.

Na kuhusu memori kadi, nunua sehemu unayoiamini na uijaribu nyumbani kwanza, ijaze mpaka mwisho uone kama picha zinafunguka. Kuna duka moja mjini liliniuzia kadi imeandikwa GB 128 nje, ndani sijui ni ngapi, picha za mwanzo safi, zilizofuata zote nusu picha nusu kijivu. Niliporudi muuzaji akaniambia "kamera yako ndo mbovu mjomba". Haya bwana.

Mkitoka njaa inauma, msiishie hoteli za wageni, shukeni Kirumba karibu na soko la samaki la Mwaloni mtafute sato wa kukaanga na ugali wa moto, na kama bado betri ina chaji pale kwenye dagaa na sangara kuna wale korongo wakubwa wenye upara wanaozurura kati ya watu, hawaogopi kamera wala mtu. Ila wafanyabiashara waombeni ruhusa kabla ya kuelekeza lenzi, ukisalimia vizuri kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, wengi watakukubalia, ukipiga kwa kuiba utafukuzwa na utastahili.

Gharama ukijumlisha kiingilio, boti, bodaboda na huyo sato ni hela ambayo wengi wetu tunaimaliza Jumapili moja bila hata kukumbuka imeenda wapi. Nyota nne. Droni usibebe kama huna kibali, hii ni hifadhi ya taifa na utaikabidhi getini, na ukichelewa boti ya kwanza basi heri usubiri siku nyingine kuliko kwenda kulala juu ya jiwe saa saba mchana.