TileServer GL: Mgawaji Hodari wa Ramani Asiye na Bawabu

TileServer GL ni programu huria inayosoma faili ya MBTiles, ambayo kwa hakika ni hifadhidata ya SQLite, na kuigawa ramani katika vigae, yaani vipande vidogo vya mraba, ambavyo dashibodi (ukurasa wa wavuti unaoionyesha ramani) huvichota kimoja kimoja. Kwa kazi hiyo sina lawama: huwashwa ndani ya Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena, kwa amri moja, hutoa vigae vya vekta (data ya maumbo inayochorwa na kivinjari) na vya picha, na ukurasa wake wa mbele huorodhesha mitindo na data zote zilizomo. Ukurasa huohuo ndio ulionishtua, kwa kuwa programu haina utaratibu wake wa kumtambua mtumiaji, na yeyote anayeifikia poti 8080, mlango wake wa mtandao, huhudumiwa.

Lipo jambo linaloweza kumhadaa msimamizi. Ukiongeza kigezo cha key mwishoni mwa anwani ya mtindo, seva hukibeba na kukipachika katika anwani za vigae kana kwamba imekikagua, ilhali ukaguzi wenyewe imeiachia proksi, yaani seva inayosimama mbele yake na kupokea maombi kwanza. Hata proksi ikiukagua, ufunguo huo huonekana na kila anayejua kufungua zana za msanidi kwenye kivinjari. Kupima kichwa cha Referer, ambacho kivinjari hukitumia kutaja ukurasa ombi lilikotoka, nako ni sawa na kumwuliza mgeni ametoka wapi na kuliamini jibu lake.

Kilichonifaa ni kuweka Nginx mbele kama proksi na kutumia moduli ya auth_request. Kila kigae kinapoombwa, proksi huiuliza kwanza dashibodi: jibu la 200 hufungua njia, na la 401 au 403 huifunga. Dashibodi na ramani zikiwa chini ya kikoa kimoja, kivinjari chenyewe hupeleka kidakuzi, yaani alama ya kwamba mtumiaji ameshaingia, jambo linaloifaa hasa Leaflet, maktaba ya JavaScript ya kuonyesha ramani, ambayo kwa kawaida huchota vigae vya picha kama picha nyingine yoyote ya ukurasa na hivyo haina pa kubandika tokeni ya utambulisho. MapLibre GL JS, maktaba nyingine ya aina hiyo, ina chaguo la transformRequest kwa kazi ya kubandika tokeni. Kwa kuwa mtumiaji akivuta ramani kidogo tu huitisha vigae vingi kwa mkupuo, nililihifadhi jibu la ukaguzi kwenye kache, hifadhi ya muda ya proksi, kwa sekunde 30. Hapa pana mtego: ufunguo wa kache, yaani alama ambayo kwayo jibu lililohifadhiwa hutafutwa, usipojumuisha kidakuzi, ruhusa ya mtu mmoja huwa ruhusa ya wote.

Yote hayo ni bure iwapo poti yenyewe imebaki wazi pembeni. Docker huandika kanuni zake za iptables, mfumo wa Linux wa kuchuja mawasiliano ya mtandao, na poti iliyotangazwa huwa haizuiliwi na ufw, ngome ya moto ya Linux, hata ukiifunga huko; kwa hiyo itangaze kwenye 127.0.0.1 pekee, anwani isiyofikika kutoka nje ya kompyuta yenyewe, uzime ukurasa wa mbele kwa kuandika frontPage kuwa false katika faili ya usanidi, kisha uipe seva anwani yake ya nje kwa --public_url. Kwa masharti hayo, ningeichagua tena.