Ukingo wa Bustani kwa Chupa Tupu: Masika Yamepita, Zimebaki?

Assalaam alaykum, karibuni tena hapa Raskazone, Tanga. Leo sikai kitini, twendeni moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mpiga picha wangu, shusha kamera, chini kabisa... hapo! Mnauona huo mstari wa kijani na kahawia unaozunguka tuta la asumini? Chupa tupu hizo. Nilizifukia kabla ya masika, shingo chini kitako juu, na haijalala hata moja!

Angalieni, nasukuma kwa mguu. Haiendi. Kila moja niliijaza mchanga mkavu kwa faneli, nikaifunga kifuniko, ndipo nikaigeuza na kuizamisha nusu nzima, sentimita 15. Sasa sikilizeni. Iliyojaa nikiigonga... sauti ya jiwe. Hii tupu... inalia. Inayolia ndiyo ya kupasuka.

Lakini hapa nilikasirika, wallahi. Sogea karibu. Hizi za mvinyo nilizipata hotelini, wanazitupa. Kitako chake kimebonyea kwa ndani, kwa hiyo ukiigeuza unapata kibakuli. Namimina maji kidogo... yametulia, mnaona? Juani yanakauka upesi. Huku chini ya mwembe, mvua ikinyesha kila siku, hayakauki. Na mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Kibakuli hiki kinamtosha, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10 tu. Sisi Tanga dengue tuliionja mwaka 2019, sitaki kuifuga kwenye maua yangu! Ikabidi nikoroge saruji na mchanga, nizibe kimoja kimoja kwa mwiko. Siku nzima nimechuchumaa. Ndugu zangu, tafuteni chupa za kitako bapa tangu mwanzo.

Za bia na soda zenye hela ya chupa rudisheni dukani, ndiyo faida yake.

Bei? Mita moja inakula kama chupa 13 za saizi hii. Za hotelini nilipewa bure, nyingine nilinunua shilingi 100 kila moja. Tofali za saruji zinakaa vizuri, sibishi, ila mfuko unaumia. Mbao nilizijaribu, mchwa wakazimaliza. Na jioni hii jua likipenya kwenye kioo cha kijani, hebu niambieni ni tofali gani litakupa rangi hiyo!

Mlioomba video ya mboji ya makumbi ya nazi, inakuja wiki ijayo, jiungeni msiikose.

Dada mmoja wa Makorora ameuliza: watoto wakikanyaga je? Swali zuri sana. Mimi huzikagua kila Ijumaa asubuhi. Hii ya konani ina ufa, uoneni. Haingoji kesho. Navaa glovu, nachimba pembeni, siivuti kwa nguvu... taratibu... imetoka. Nipe ile nyingine.