Impreza ya kila siku: koilova za bei nafuu au springi fupi? Uzoefu wangu

Nianze na jibu. Kwa gari la kwenda nalo kazini kila siku, linalobeba watu siti ya nyuma na kupita matuta ya Dar es Salaam, mimi nikitaka kulishusha nachukua springi fupi na shokapu mpya badala ya koilova (shokapu na springi zilizounganishwa, zenye thredi za kurekebisha urefu wa gari) za bei ya chini. Nimetumia vyote viwili kwenye Subaru Impreza GH, ile hatchback iliyotoka 2007, yenye strati za MacPherson mbele (shokapu na springi katika nguzo moja inayoshika gurudumu).

Wengi hukosea kwenye hesabu ya bei. Seti ya springi nne ni rahisi sana ikilinganishwa na koilova, lakini springi hazifanyi kazi peke yake. Springi za Eibach Pro-Kit au Tein S.Tech ni fupi na ngumu kuliko za kiwandani. Shokapu ya kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya springi laini, na sasa fimbo yake inakaa chini zaidi muda wote, karibu na stopa (raba inayozuia fimbo isigonge mwisho). Matokeo yake gari likishuka tuta linadunda mara mbili tatu, mwenye gari analaumu springi, kumbe shokapu haina nguvu ya kuituliza. Shokapu zikishafika kilomita 80,000, usizifungie springi mpya. Weka shokapu za KYB Excel-G kama unashusha milimita 20 hadi 25. Ukitaka zaidi ya hapo tafuta shokapu zilizotengenezwa kwa springi fupi. Ukijumlisha springi, shokapu nne, mauntingi za juu (vishikio vya strati kwenye bodi) na stopa, utaona tofauti na koilova za kuanzia imebaki ndogo. Hapo sasa ndipo pa kulinganisha.

Koilova za bei nafuu ziko za aina mbili, na muuzaji wa vipuri wa Gerezani, Dar, hatakueleza usipomuuliza. Kuna zinazorekebishwa kwenye kiti cha springi tu (ringi ya thredi ambayo springi inaikalia), mfano Tein Street Basis. Ukiteremsha kiti milimita 30, na fimbo nayo imeingia karibu milimita 30, kwa hiyo usipokuwa mwangalifu unajikuta kwenye tatizo lilelile la springi fupi, ila kwa pesa nyingi zaidi. Aina ya pili, kama Tein Flex Z na BC Racing BR, mwili wa shokapu unazunguka ndani ya braketi ya chini. Unashusha gari kwa braketi, springi unaiacha ilivyo, na safari ya fimbo haipungui. Kama lazima ununue koilova, nunua hizi. Zile zisizo na jina, zisizouzwa sili wala ringi za akiba, ziache hata ukipewa kwa nusu bei: sili ikianza kuvuja unatupa kitu kizima.

Faida ya koilova kwenye kufunga ni ya kweli. Nyingi huja na mauntingi za juu, hivyo hubani springi wala hufungui nati ya fimbo. Ukitumia springi, kazi hiyo huikwepi, na ndiyo inayoumiza watu. Weka vibanio viwili pande zinazotazamana, kaza kimoja mizunguko michache kisha kingine, mpaka springi ilegee kwenye kiti chake. Nati ya kati usiiguse kabla ya hapo. Na fundi akitaka kushika fimbo kwa plaizi, mzuie. Mkwaruzo mdogo kwenye kromu unakata sili ya mafuta, na shokapu mpya inavuja ndani ya muda mfupi.

Kutoa strati ya mbele ya GH si kazi kubwa. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Fungua braketi ya paipu ya breki na waya wa ABS kwanza, la sivyo paipu inabeba uzito wa habu (kitovu cha gurudumu). Bolti mbili za chini ni za spana 19, na ile ya juu ndiyo inayorekebisha kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele): chora alama kwenye kichwa chake na kwenye braketi. Shika kichwa, zungusha nati. Funga habu kwa waya isiangukie nje ikavuta shafti. Nati tatu za juu ni za 12. Ya mwisho ifungue huku mtu ameshika strati kwa chini. Wakati wa kuunganisha, mwisho wa springi ukae kwenye kingo ya kiti chake. Nyuma, bolti zinazopita kwenye bushi zishike kwa mkono tu, ukaze gari likiwa limekaa kwenye matairi. Ukizikaza likiwa juu, bushi inabaki imejisokota na itachanika mapema.

Urefu pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, upande kwa upande. Kupima kutoka ardhini hudanganya, kwa sababu upepo wa tairi unabadilika.

Kisha funga zipu ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu chini ya kifuniko cha vumbi, isukume mpaka iguse mwili, na uendeshe njia zako za kawaida ukiwa na abiria. Ukirudi, pale zipu iliposimama ndipo fimbo ilipofika. Ikiwa imebanwa kwenye stopa, gari liko chini mno, hata kama linapendeza. Kwa springi za milimita 25 mbele, zipu yangu ilibakiza nafasi. Kwa koilova zilizoshushwa sana, stopa iliguswa kwenye matuta ya kawaida kabisa, na hapo ndipo watu wanaposema koilova ni ngumu. Ugumu huo mara nyingi si wa springi, ni wa kugonga stopa.

Alaimenti ifanye baada ya kilomita 300 hivi, springi zikishakaa. Kemba ya nyuzi hasi 1 hadi 1.5 mbele haili tairi sana. Kinachokula ndani ni too (mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu) iliyopinda, hivyo iweke karibu na sifuri. Nyuma, kwa mpangilio wa kiwandani, unarekebisha too tu. Kemba ikizidi baada ya kushusha, itabidi ununue mikono inayorekebishika, na hiyo gharama nayo iingie kwenye hesabu.

Mitambo ya kurekebisha ugumu ya koilova kwa gari la kila siku naona inatumika kidogo. Zungusha hadi ngumu kabisa bila kulazimisha, hesabu hatua ukirudi nyuma, kulia na kushoto ziwe sawa. Flex Z ina hatua 16, BC ina 30. Ukishapata panapokufaa hutagusa tena.

Kitakachokusumbua ni ringi na thredi. Tope la masika na chumvi ya pwani huzigandisha, kisha spana ya ndoano inateleza na kung'oa meno ya aluminiamu. Osha kwa brashi na maji, kausha, paka grisi nyembamba ya kuzuia kutu, na zivishe mfuko wa thredi kama upo. Mauntingi za chuma mtupu nazo huanza kugonga vumbi likiingia. Omba zenye raba. Mwenye gari asiyekuwa tayari kufanya hivi kila baada ya masika, anunue springi.