Samaki wa mti wa fundi wa Mwanga: uzoefu wangu

Naandika hasira bado ziko kooni, kwa hiyo nikizidisha mnisamehe. Nimenunua samaki wa mti wanne, hawa chambo wa kuchonga wa kukokota nyuma ya mtumbwi ili samaki wa kweli wadanganyike, kwa fundi mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Jina simtaji. Wanaovua kwa mshipi watamjua kwa jeuri yake. Elfu kumi na tano kila mmoja, na kwa hela hiyo ningekula migebuka siku kadhaa bila kulowesha hata kidole.

Nimpe kwanza haki yake. Ukiwashika mkononi unalipa bila kuomba punguzo. Mgongo kaupitisha msasa mpaka unateleza kama sabuni iliyolowa. Magamba kayachora moja moja kwa ncha ya msumari, na rangi ya mgebuka kaipatia kabisa, ubavu wa fedha na mgongo wa giza. Nilipowaweka mezani mke wangu aliniuliza mbona mboga yenyewe kavu.

Sasa watie majini.

Tulitoka Katonga alfajiri mimi na binamu yangu, injini tumeipunguza, tunakokota taratibu kandokando ya miamba. Wa kwanza kagusa tu maji kalala ubavu. Tukadhani ataamka tukiongeza mwendo. Wapi! Akaanza kujizungusha kama aliyepandwa na mashetani, na tulipomvuta mshipi wote umejisokota. Wa pili anakwenda kushoto tu, anataka kuingia chini ya mtumbwi. Huyo nilijua dawa yake: akivutia kushoto, unakikunja kile kijicho cha kufungia mshipi kidogo kulia. Nikakunja kwa plaizi, nikakunja tena, waya ukakaribia kukatika. Kushoto tu. Wa tatu katumbukiza mkia akabaki kaning'inia hivyo, kichwa juu, kama mtu anayeomba msaada. Binamu yangu alicheka mpaka nikamwambia ashike injini vizuri. Wa nne nitamsema baadaye, maana ndiye anayeniharibia hoja.

Nyumbani nikachukua msumeno nikampasua yule wa kwanza katikati. Risasi ya tumboni, kile kipande cha madini mazito, ndiyo mkuku wa samaki wa mti, kama ule mti wa chini ya chombo unaokizuia kupinduka. Inatakiwa ikae chini kabisa, katikati ya tumbo, isogee mbele kidogo, ili mdomo wa bati unaposukuma maji mwili utikisike bila kupinduka. Huyu tundu lake limetobolewa upande. Kulia mti umebaki unene wa njiti mbili za kiberiti, kushoto hata njiti moja haijai. Tena risasi imepanda juu, karibu na uti wa mgongo. Hapo hata ungemsomea dua angelala tu. Na mti wenyewe ni mninga! Mninga ni wa vitanda na milango. Ukishatia risasi na ndoana mbili za mikono mitatu, atabaki na nguvu gani ya kuelea?

Haya siyasemi kwa kusikia. Ile miezi mitatu ya 2024, Mei hadi Agosti, Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue, nilikaa kibarazani nikichonga wa kwangu. Walikuwa wabaya kama viazi na wengi walizama. Lakini walizamia nyumbani, kwenye karai, ndoana zikiwa zimeshafungwa. Dakika tano tu unajua kama tumbo linakaa chini au la. Hawakunizamia ziwani mbele ya watu.

Basi nikarudi kwa fundi na vile vipande viwili nimevifunga kwenye gazeti. Nikamsalimia mwakeye, akaitikia puani, randa haijasimama. Nikamfungulia, nikamwonyesha tundu. Akatupia jicho mara moja, akasema: "Mzee, mimi nauza samaki. Kuogelea mfundishe mwenyewe."

Kibanda kizima kikacheka. Hata bodaboda aliyekuja kugongelewa mguu wa kigoda, mtu nisiyemjua wala hanijui, naye akacheka.

Nina mvi mimi. Yule fundi angekuwa mwanangu wa katikati. Hela ningeisamehe, wallahi, hata hao watatu ningewasamehe. Kile kicheko ndicho kinanirudia usiku. Nikajikaza, nikamuuliza kwa upole, baba, hivi huwa unawajaribu kwenye maji kabla ya kuuza? Akanijibu bila aibu: "Hapana, maji yanaharibu rangi."

Rudieni kusoma hapo. Samaki wa kuvulia, rangi yake inaogopa maji!

Kwa hiyo msiende. Hilo ndilo nililokusudia kuandika, na ningeishia hapo kama si yule wa nne. Huyo alinipa kwa shingo upande ili idadi itimie: kipande cha paini kilichobaki, tumbo halina rangi, jicho moja kubwa kuliko lenzake. Asubuhi ileile tulimtupa tukiwa tumeshakata tamaa. Akazama vizuri, akaanza kutikisa kiuno kama bi harusi wa Ujiji, na hatujafika mbali mshipi ukavutwa karibu unikate kiganja. Kuhe! Kuhe mnene, mgongo mpana, tumemla siku mbili na majirani wakapata. Tangu hapo kanipa wengine, sitaji wangapi, hasidi hakosi.

Natamani nimpasue nione risasi kaiweka wapi. Nikimpasua sina kitu. Nimechonga wa kumuigiza watatu, paini hiyohiyo, kipimo hichohicho, wote wamelala ubavu kwenye karai kama wagonjwa. Basi yule mtu anajua. Au alibahatisha. Sijui lipi linaniudhi zaidi.

Jumamosi narudi Mwanga, na karai langu limejaa. Atawatia humo mmoja mmoja mbele yangu ndipo nitoe hela. Akinichekea tena, yale maji najua pa kuyamwaga. Ila akiwa na wa paini, nachukua wawili.