Kuacha sigara: kwa mkupuo au kidogo kidogo?

Barazani kwetu Wete ubishi huu hauishi: mvutaji akate siku moja, au apunguze moja moja?

Anayepunguza huteseka kwa awamu. Kutoka sigara kumi hadi tano si kazi. Ile ya baada ya kahawa chungu ndiyo mwiba, na jioni moja ya maneno nyumbani humrudisha kwenye kumi. Anayekata hukiona cha moto siku 2 au 3 za mwanzo: hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Kisha makali hulegea wiki kwa wiki. Utafiti wa Uingereza wa 2016 ulifuata wavutaji 697, wote wakisaidiwa na vibandiko vya nikotini, vile vya kubandika ngozini kutuliza hamu ya sigara. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya waliokata walikuwa hawavuti. Waliopunguza kwa wiki 2 kwanza, asilimia 39. Mimi nipo na waliokata.

Ramadhani yafaa kuanzia, maana mchana hauvutwi. Hatari ni baada ya futari. Hapo ndugu zangu msiwashe mbele ya anayeacha, na akichachamaa msimsimange. Hamu hupita kwa dakika chache tu. Mwiteni kwenye bao.