Zege la nje lisiloteleza: lipi la kuchukua, lipi la kuacha dukani

Mvua za Machi zikishika, simu yangu hujaa malalamiko ya namna moja. Ngazi za kibaraza zinateleza. Njia ya gari inateleza. Bibi ameanguka akitoka chooni. Wengi wanaoniandikia waliuziwa sakafu "isiyoteleza", na kwa miezi michache kweli haikuteleza. Kwa hiyo leo sigusi rangi wala mapambo. Kila aina naiuliza swali moja tu: misimu miwili ya mvua ikipita, itasugulika ikatakata?

Huku kwetu Tororo, mashariki mwa Uganda, vumbi jekundu halimwachi mtu. Linaingia katika kila mfereji wa zege, mvua inaligeuza tope, kivuli cha mwembe kinatunza unyevu, na baada ya muda unaona utando wa kijani. Ule ukwaruzo ulioulipia umefukiwa. Mguu unakanyaga ute, haukanyagi zege. Watu hudhani mifereji ikiwa na kina kirefu ndiyo salama zaidi. Hiyo ndiyo inayoshinda brosi.

Namba moja kwangu ni zege lililochorwa kwa fagio. Haliuzwi kwenye mkebe, ndiyo maana husikii muuzaji akilisifia. Fundi akishasawazisha, anangoja maji ya juu yapotee, kisha anaburuta fagio gumu mara moja bila kurudia. Mistari inakuwa myembamba, na brosi inafika chini. Saruji nachukua ya Tororo, daraja la nguvu la 42.5, na sifichi upendeleo wangu. Ile ya 32.5 iachie plasta na kujengea. Fundi akitaka kunyunyiza saruji kavu ili akaushe maji ya juu, mzuie, maana tabaka hilo hubanduka. Akitaja niru, yaani uji wa saruji unaolainishwa juu ya sakafu, mzuie mara mbili! Niru inang'aa, mwenye nyumba anafurahi siku ya kukabidhiwa, na mvua ya kwanza inamlaza chini.

Kuna jambo hata mafundi wazuri hulisahau: mwelekeo wa mistari. Kawaida inachorwa kukatiza njia ya anayetembea, na penye tambarare hilo ni sawa. Kwenye mteremko, mistari ya kukatiza inageuka vibwawa vidogo vya tope. Mwambie aichore kimshazari, maji yatokee pembeni. Kibaraza chenyewe kiinamie nje sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kisha kimwagiliwe maji siku 7 ili zege likomae.

Namba mbili ni zege la kokoto wazi, ambalo uso wake huoshwa kabla halijakaza mpaka kokoto zionekane. Linashika vizuri na linadumu, ila linataka fundi aliyelizoea. Akiosha mapema kokoto zinang'oka, akichelewa hazitokezi. Mwagize kokoto ndogo zilizokaribiana, kwa sababu katikati ya kubwa ndipo tope linapolala.

Wenye niru tayari wataangukia namba tatu: rangi ya sakafu ya nje iliyonyunyiziwa mchanga. Uso lazima ukwaruzwe kwanza kwa grainda au asidi, la sivyo rangi itatoka kama ganda. Zege jipya lingoje siku 28. Koti la kwanza likiwa bichi unanyunyiza mchanga wa punje zenye kona. Likikauka unafagia uliolegea na kupaka la pili. Mchanga laini wa plasta unazama ndani ya rangi na haukusaidii kitu. Rangi ya epoksi peke yake usiiweke juani, inageuka njano na kutoa unga. Koti la juu liwe la poliurethani ya nje.

Na hapa wauzaji wa maduka ya vifaa vya ujenzi wananichosha. Unauziwa kifuko cha unga wa "kuzuia utelezi" kisicho na jina la kiwanda, kisicho na tarehe wala maelekezo ya kiasi cha kuchanganya. Ukiuliza kilichomo ndani, unaambiwa "ni dawa". Ukifika na gari bei inapanda, ukifika na boda inashuka kidogo, na unga ni ule ule. Saruji tunaidai alama ya Q ya shirika la viwango, UNBS. Kwa nini unga huo upite hivi hivi?

Kwenye vigae ndiko wanakotudhihaki kabisa. Kuna kipimo cha Kijerumani cha utelezi kinachoanzia R9 hadi R13, na R9 ndiyo ya chini. Muuzaji anakuonyesha R9 kwenye boksi na kusema, "Mama, hii ina R, haitelezi." Kwa nje omba R11, na kama haikuandikwa kwenye boksi, ondoka.

Zege la chapa, lile la kuiga mawe, silipendi. Linapakwa sili, ile rangi ya kuziba uso, inayong'aa, na bila unga wa kukwaruza ndani yake linateleza kuliko niru. Sili inachakaa, unalipa tena, na mifereji ya chapa inajaa tope.

Stika za msasa? Ngazi za ndani tu.

Dada wa Mbale aliyeuliza kama abomoe sakafu yake yote inayoteleza: hapana. Akodi grainda, fundi akate mistari ya kimshazari yenye kina cha milimita chache pale watu wanapopita tu. Ute wa kijani autoe kwa jiki iliyozimuliwa kwa maji, angoje dakika 10, asugue kwa brosi ngumu, asuuze, na maji yasielekee kwenye sukumawiki. Kama fundi alitumia asidi, ioshwe yote iishe kabla jiki haijafika hapo, maana vikikutana vinatoa gesi ya klorini.