Kitambaa cha kanzu: kipi kinarudi nyumbani Ijumaa bado kimenyooka?

Dukani kila kitambaa kimenyooka. Feni inapuliza, kitambaa kiko kwenye jora, nawe unakipapasa kwa mkono mkavu. Sasa kivae Ijumaa ya mwezi wa pili Mombasa, ukae chini kusikiliza hotuba. Ukiinuka, mgongo umekunjamana na magotini pametoka vifuko.

Uzi wa pamba hunywa maji, hata unyevu wa hewani, na ukinywa hulegea. Jasho likiulegeza, ukaukalia ukiwa na joto la mwili, kisha ukakaukia hapo hapo, umejipiga pasi ya makunyanzi. Dobi akinyunyiza maji hufanya jambo lilo hilo, ila yeye anaunyoosha uzi. Poliesta haina kiu hiyo. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata 1. Hulegezwa na joto, kuanzia kama nyuzi 70 hadi 80 za sentigredi, na hakuna jasho la moto hivyo.

Kwa mtu wa pwani, mimi ningepanga hivi.

1. Mchanganyiko wa poliesta na pamba. Ule wa 65 kwa 35 ndio ninaoupenda. Poliesta inashika umbo, pamba inafyonza jasho. Muuzaji akikuapia ni pamba tupu, omba nyuzi mbili tatu uziwashe nje: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu.

2. Pamba tupu, nzito kidogo. Mwilini haina mpinzani, na ikilowa haipungui nguvu. Lakini inataka mtu wa pasi. Nyunyiza maji, ikunje kama mkeka, iache nusu saa, kisha piga pasi ya moto mpaka ikauke kabisa. Ukiivaa ingali na unyevunyevu, umepoteza mkaa au umeme wako bure. Ilowekwe pia kabla fundi hajaikata, maana pamba hurudi, na kanzu ya kufika kifundoni ikageuka ya muundini.

3. Poliesta tupu. Inaanguka vizuri, na katika nchi za Ghuba poliesta za Kijapani husifiwa sana. Ila huko mtu hutoka kwenye kiyoyozi akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi. Kwetu jasho halina pa kwenda, kitambaa kinagandana na mgongo. Pasi iwe ya vuguvugu, na usiinyanyue nguo mpaka ipoe, la sivyo mkunjo utakaoutia ikiwa moto utabaki nayo.

4. Kitani. Kinapitisha hewa, lakini hukunjika kwa kutazamwa tu. Anayependa sura hiyo, ajinunulie.

5. Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti. Dukani ni laini, inateleza kama hariri, na wengi huitiwa hariri wakaamini. Ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake na kunyumbuka ovyo. Kuikamua ni kuiharibu.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kiloweshe, kibane ngumini dakika mbili, kisha kitandaze juu ya meza kikauke. Makunyanzi utakayoyaona mezani ndiyo utakayotoka nayo msikitini.